Kemia na Uainishaji wa Mimea ya Jamii ya Kunde: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mimea miwili ikikutwa na kemikali moja, basi ni ya ukoo mmoja. Ukweli ni kwamba kemikali moja peke yake haithibitishi ukoo. Alkaloidi (kemikali za mimea zenye nitrojeni, nyingi zikiwa chungu au sumu) za kundi la kwinolizidini, ambazo ndizo huzifanya mbegu nyingi za lupini ziwe chungu, zimo katika matawi kadhaa ya jamii ya kunde, lakini zimo pia katika Caulophyllum, jenasi ya familia ya Berberidaceae iliyo mbali kabisa na kunde. La kushangaza zaidi ni swensonini, sumu inayowavuruga akili mifugo wanaokula baadhi ya spishi za Astragalus na Oxytropis. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa zao la mmea wenyewe, hadi ilipobainika kwamba hutengenezwa na kuvu anayeishi ndani ya tishu zake. Anayeipanga mimea hiyo kwa kigezo cha sumu hii huwa, bila kujua, anapanga kuvu.

Kinyume chake, wapo wanaodhani kwamba kemikali isipoonekana, mmea hauhusiki na kundi lenye kemikali hiyo. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kanavanini, asidi ya amino isiyotumika kujenga protini, ilitengwa mwaka 1929 kutoka katika mbegu za Canavalia ensiformis, na katika jamii ya kunde inajulikana kwenye nusufamilia ya Papilionoideae tu. Kwa hiyo ikionekana, ni ushahidi mzito. Isipoonekana, haisemi mengi: Vicia villosa inayo, Vicia faba haina, ilhali zote zimewekwa katika jenasi moja. Mmea unaweza kupoteza hatua moja tu ya utengenezaji na kemikali ikatoweka, au ukaihifadhi kwenye mbegu huku mchunguzi akisaga majani.

Vilevile si kweli kwamba kila spishi ina kemia isiyobadilika. Katika shamba moja la klova nyeupe, Trifolium repens, baadhi ya mimea hutoa sianidi, ambayo ni sumu, jani linapopondwa na mingine haitoi, kwa sababu jeni moja huhusika na glikosidi zenye sianidi (sukari iliyoungana na kemikali inayobeba sianidi) na jeni nyingine huhusika na kimeng'enya kinachozivunja, na mmea usiorithi zote mbili zikiwa hai hautoi sianidi hiyo. Sampuli moja iliyokaushwa, basi, haiwezi kuisemea spishi nzima.

Husemwa pia kwamba kemia hufaa kutenganisha makundi makubwa tu. Kazi ya wanabotania Alston na Turner huko Texas juu ya jenasi ya Baptisia inakanusha hilo: kwa kromatografia ya karatasi (njia ya kutenganisha kemikali kwenye karatasi) walionyesha kwamba machotara hubeba flavonoidi (kundi la kemikali za mimea, baadhi zikiwa rangi za maua) za wazazi wote wawili, hivyo mzazi aliweza kutambuliwa hata pale ambapo spishi kadhaa zilichanganyika na umbo la maua na majani likawa la kutatanisha.

Dhana ya mwisho ni kwamba vinasaba vimeifanya kemia ikose kazi. Ni kweli kwamba mpangilio wa mwaka 2017, ulioigawa jamii hii katika nusufamilia sita, ulitegemea jeni ya matK, mojawapo ya jeni za kloroplasti, na sioni sababu ya kuurudisha uamuzi huo mikononi mwa kemia. Hata hivyo, migunga iliyokuwa pamoja katika Acacia na sasa imegawanywa katika Senegalia na Vachellia inatoa mfano mzuri wa kazi ambayo kemia bado inaifanya. Gundi ya Senegalia senegal huuzungusha mwanga uliopolaiziwa (mwanga unaotetema katika uelekeo mmoja tu) kuelekea kushoto, ya Vachellia seyal kuelekea kulia, na kipimo hicho kinatosha kuzitofautisha gundi hizo mbili hata zikiwa zimesagwa kuwa unga, bila jani wala ua lililosalia la kutazamwa.