Yoga haipaswi kuuma

"Dokta, mimi nilivumilia tu. Si wanasema ikiuma ndiyo inafanya kazi?" Maneno haya nayasikia kila wiki kwenye chumba cha fiziotherapia, na mara nyingi anayeyasema amekalia tako moja kwa sababu la pili halikaliki.

Basi niseme waziwazi: yoga haipaswi kuuma. Misuli kuvutika, sawa. Mapaja kutetemeka, sawa kabisa. Lakini maumivu makali ya kuchoma, maumivu ndani ya kiungo, au ganzi inayoshuka mguuni, hayo ni jeraha limeshaanza.

Chukulia ule mkao wa kukaa miguu imenyooka mbele, kisha unainama ushike vidole vya miguu. Mwenye misuli ya nyuma ya paja iliyokaza havifikii. Anachofanya ni kupinda mgongo, kubana pumzi na kujivuta kwa mikono, uso umekunjamana. Misuli ikivutwa ghafla hujikaza ili kujilinda, na mzigo unaangukia kwenye kano, pale chini ya tako inaposhikana na mfupa wa kukalia. Kano haipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo ikiumia inadai miezi, si siku. Na kama diski ya mgongo ilikuwa imeanza kutokeza, kujipinda huko kunaisukuma zaidi kwenye mishipa ya fahamu.

Fanya hivi. Kunja blanketi, ukalie ukingo wake ili nyonga ziinuke. Legeza magoti. Pitisha kanga chini ya nyayo, shika ncha zake mbili, mgongo ubaki umenyooka. Toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko uliyoivuta. Pumzi ikikwama, umezidisha, rudi nyuma kidogo. Hata usiposogea zaidi ya hapo mwezi mzima, unafanya yoga.

Kukunja miguu ile ya nyayo juu ya mapaja nako ni hivyo hivyo. Nyonga isipozunguka, goti ndilo linalosokotwa na gegedu lake ndilo linalobanwa. Wapo watu ambao mifupa ya nyonga zao haikuumbwa kuzunguka hivyo, na hakuna bidii itakayoibadilisha.

Tatizo linaanzia pale watu wanapodhani yoga ni moja tu, ile ya vijana kwenye video. Walimu wawili mashuhuri wa yoga, K. Pattabhi Jois na B.K.S. Iyengar, walifundishwa na mwalimu mmoja, Krishnamacharya, huko Mysore, India, lakini kila mmoja akashika njia yake. Ashtanga ya Jois ina mfululizo maalumu, inakwenda mbio, ina kuruka, na inamfaa kijana mwenye afya. Iyengar, aliyezaliwa 1918, alikuwa mtoto wa kuugua: malaria, taifodi, kifua kikuu. Yeye ndiye aliyesambaza matumizi ya mikanda, vipande vya mbao na viti, ili mkao uufuate mwili na si mwili kulazimishwa mkao. Mzee wa miaka 65 mwenye magoti yaliyolika akiingia darasa la Ashtanga akatoka anachechemea, si kwamba yoga haimfai. Alikosea mlango.

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Mimi ni mlaini, kwangu ni rahisi." Ninyi ndio mnaonitia wasiwasi. Viungo vilivyolegea havihitaji kuvutwa zaidi, vinahitaji misuli ya kuvishikilia. Ishia kabla hujafika mwisho wa kiungo, kisha kaza.

"Yoga ya kiti ni ya wagonjwa." Simama nyuma ya kiti kilichoegemezwa ukutani, inua mguu mmoja, uone. Kwa mzee, mizani ya mwili ndiyo inayomwepusha na kuanguka na kuvunjika nyonga. Mwenye mifupa iliyopungua uimara asikunje mgongo kwenda mbele kwa nguvu, na mwenye presha ya macho asifanye mkao wowote wa kichwa chini.

"Mjamzito anafaa darasa lolote." Hapana. Vyumba vya joto, kama vya yoga ya Bikram vinavyofika nyuzi 40, si mahali pake, na miezi ya mwisho asilale chali muda mrefu.

"Ni ibada." Chimbuko lake ni India na zipo shule zinazoimba mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwa, hilo halifichwi. Lakini Saudi Arabia yenyewe iliiruhusu mwaka 2017 kama mchezo. Asiyetaka mantra amwambie mwalimu mapema.

"Kule kulala chali mwishoni ni kupoteza muda." Hapa huwa nakereka kweli, maana wanaokunja mkeka na kuondoka ndio hao hao wanaolalamika hawapati usingizi. Kama kutulia kunakushinda, tumia njia ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani: kaza ngumi kwa nguvu sekunde chache, achia, sikiliza mkono unavyolegea, kisha panda mabegani, usoni, ushuke tumboni hadi miguuni. Kufumba macho si lazima. Mtoto wa miaka 6 msimlazimishe kutulia nusu saa, mpeni mkao wa paka na wa mti, dakika chache zinamtosha.

Halafu wale walioacha vidonge vya presha kwa sababu "sasa nafanya yoga." Pumzi ndefu hupunguza kasi ya moyo kwa muda ule, na mazoezi ya kudumu husaidia presha kidogo, ila si badala ya dawa. Rudini kwenye vidonge leo, mkapime. Aliyewaandikia ndiye atakayevipunguza, akiona vipimo vinaruhusu.