Trio ya muziki wa chemba ni kitu gani hasa

Watu wengi wakisikia neno trio wanafikiria bendi ya watu watatu, basi, imeisha. Kweli ni watu watatu, lakini kwenye muziki wa klasiki neno hilo lina uzito wake na nataka nilieleze vizuri maana nalipenda sana jambo hili, na naona linaelezwaga kwa haraka haraka mpaka mtu anaondoka hajaelewa.

Tuanze na chemba. Kiswahili tunalo tayari, mtu akikwambia twende chemba anamaanisha pembeni, tukaongee mambo yetu sisi wenyewe. Muziki wa chemba asili yake ni hiyohiyo, ni muziki uliotungwa upigwe ndani ya chumba, sebuleni kwa mtu, wapigaji wachache na wasikilizaji wachache, sio kanisani wala kwenye ukumbi mkubwa wa orkestra, yaani lile kundi kubwa la wapigaji wengi. Baadaye ukahamia kwenye kumbi za kulipia tiketi lakini tabia yake ya chumbani haikutoka. Na tabia kubwa kuliko zote ni hii: kila mpigaji ana sehemu yake peke yake. Kwenye orkestra fidla za kwanza, yaani kundi la fidla linaloshika sauti ya juu, zinaweza kuwa 14 au 16, zote zinapiga noti zilezile, mmoja akiteleza wenzake wanambeba. Kwenye trio hakuna wa kukubeba. Alafu hamna kondakta, yule anayesimama mbele kuwaongoza wapigaji kwa mikono.

Sasa kama hamna kondakta wanaanzaje pamoja? Wanapumua. Mimi mara ya kwanza kukaa safu ya mbele kwenye onyesho la namna hii ndo nilielewa, mwenye fidla aliinua kichwa kidogo akavuta pumzi kwa pua, na ile pumzi nikaisikia kabisa, na kabla hajaimaliza wote watatu wakawa wameshaingia. Mwenye chelo, ile kama fidla kubwa ya sauti nene, hata hakumwangalia usoni, alikuwa anaangalia kiwiko cha mkono wake wa upinde, kile kijiti cha kusugulia nyuzi. Mpiga piano yuko nyuma yao, anawaona mabega tu, kwa hiyo yeye anasoma mabega. Kitu kama hicho hakifundishiki kwa wiki moja, ndo maana trio nzuri huwa ni watu waliokaa pamoja miaka. Beaux Arts Trio ya Marekani ilianza 1955 ikaja kufunga kazi 2008, wapiga fidla na wapiga chelo walibadilika njiani ila mpiga piano alikuwa mmoja tu mwanzo mpaka mwisho, Menahem Pressler, aliyefariki 2023 akiwa na miaka 99.

Trio zipo za aina nyingi, na neno ni hilohilo kwa kundi la wapigaji na kwa kazi iliyoandikwa wapige. Ipo ya nyuzi tupu, fidla, viola (kama fidla ila kubwa kidogo) na chelo. Mtunzi Brahms wa Ujerumani ana moja ya piano, fidla na honi (chombo cha shaba cha kupuliza) ya 1865, na nyingine ya klarineti (ya kupuliza pia, ila ya mbao), chelo na piano ya 1891. Ila mtu akisema trio bila kuongeza neno, mara nyingi anamaanisha piano, fidla na chelo, na hiyo ndo nataka nikae nayo, kwa sababu ina tatizo ndani yake na hilo tatizo ndo utamu wenyewe.

Tatizo ni kwamba hivi vyombo havilingani. Piano ina vibao 88 na nyuzi zaidi ya 200, ni chombo cha kugonga, nyundo inapiga uzi alafu sauti inaanza kufa palepale. Fidla na chelo kila moja ina nyuzi nne tu, lakini upinde unaweza kuivuta sauti moja ikakua badala ya kufa. Hata kutyuni hawaelewani, piano imeshatyuniwa na fundi tangu asubuhi na noti zake hazisogei, wakati wenzake wanatafuta kila noti kwa kidole, na kidole kikisogea hata kwa unene wa karatasi sauti inabadilika. Kwa hiyo fidla na chelo wakiwa wenyewe wanapatana kwa namna moja, piano ikiingia inabidi wasogeze vidole kidogo waifuate. Usiku mzima wanafanya hivo na sisi tuliokaa pale hatujui.

Mimi naona kila mtunzi aliyeandika trio alikuwa anajibu swali moja, hawa watatu watakaaje chumba kimoja bila mmoja kuwameza wengine? Na jibu lilikuwa linabadilika kwa sababu piano yenyewe ilikuwa inabadilika.

Mtunzi Joseph Haydn wa Austria aliandika trio kama 45. Wakati wake zilikuwa zinachapishwa kama sonata za piano, yaani kazi za piano zenye sehemu kadhaa, zinazosindikizwa na fidla na chelo, yaani piano ndo mwenye nyumba. Piano za siku zile fremu yake ilikuwa ya mbao, sauti nyembamba, na huku chini kwenye besi ilikuwa dhaifu, kwa hiyo chelo kazi yake kubwa ilikuwa kufuata mkono wa kushoto wa piano na kuuongezea nguvu. Usidharau lakini. Sikiliza ile ya ufunguo wa G aliyoiandika 1795, sehemu ya mwisho imejaa midundo ya Wahungari, fidla inakimbia utadhani imeona moto.

Mwaka huohuo 1795 Beethoven, kijana wa miaka 24, anachapisha kazi yake ya kwanza aliyoipa namba, Opus 1, na ni trio tatu. Angeweza kuanza na kitu chochote, akaanza na trio. Na humo chelo inaanza kupewa maneno yake yenyewe badala ya kuwa kivuli cha mkono wa kushoto. Ukija kwenye ile kubwa inayoitwa Archduke, ya 1811, wanaongea watatu kweli, mmoja anaanza sentensi, mwingine anaichukua katikati, wa tatu anakataa. Ilipopigwa hadharani Vienna 1814 Beethoven mwenyewe alikaa kwenye piano, na masikio yake yalikuwa yameshaharibika vibaya. Huwa naliwaza sana hili, maana trio yote ni kumsikia mwenzako na yeye alikuwa hawasikii vizuri, na baada ya kipindi hicho hakupiga tena piano mbele za watu hivo.

Karne ya 19 ikaenda, mafundi wakaweka fremu za chuma kwenye piano, nyuzi zikakazwa zaidi, sauti ikawa kubwa ya kujaza ukumbi. Tatizo likageuka kichwa chini miguu juu: zamani chelo ilikuwa inaisaidia piano isikike, sasa chelo yenyewe ndo inamezwa. Mtunzi Mrusi Tchaikovsky aliwahi kuandika kwenye barua kwamba hapendi kabisa kusikia piano pamoja na fidla na chelo, anaona haziendani. Alafu 1881 rafiki yake Nikolai Rubinstein, mpiga piano mkubwa, akafariki, na Tchaikovsky alipotaka kumlilia aliandika nini? Trio, ndefu, kama dakika 45 au zaidi, aliimaliza 1882. Msiba ulimfanya atumie vyombo vilevile alivyosema hawezi kuvivumilia.

Mfaransa Ravel mwaka 1914 alikuja na ujanja mwingine. Vita ya Kwanza ya Dunia imeshaanza, anataka kujiunga na jeshi, anaandika mbio mbio amalize. Mahali pengi alichofanya ni kuziweka fidla na chelo mbali mbali, oktavu mbili kati yao (oktavu moja ni kutoka noti mpaka ileile ya juu yake), zinaimba wimbo mmoja moja juu moja chini, alafu piano akaiweka katikati kwenye ile nafasi. Kila mtu akapata hewa yake.

Hapa niseme kitu kuhusu kwetu, kwa sababu fidla na chelo sio vyombo vigeni pwani. Vikundi vya taarabu vya Zanzibar vimezoea fidla, na Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Ila mpangilio ni tofauti. Kwenye taarabu ya kizamani fidla, udi, kanuni na akodiani wote wanafuata njia moja ya wimbo, kila mmoja anaipamba kwa mkono wake, na uzuri uko kwenye mapambo hayo kutofanana. Kwenye trio kila mmoja ana njia yake na zinakutana, zinaachana, zinapishana. Sikio lililolelewa na taarabu linaweza kuipata trio vizuri tu, ila ni bora uchague mtu mmoja umfuate mwanzo mpaka mwisho, mimi nashauri chelo, alafu ukirudia unafuata mwingine.

Na sasa kuna swali watu wanaliuliza, kwanini vikundi vingi vya trio vinachanganya kazi za kale na za leo kwenye onyesho moja, unakuta wanaanza na Haydn, katikati wanaweka kazi ya mtunzi wa juzi, mwisho Schubert, wa kale naye. Wengine wanadhani ni kuwalazimisha watu wasikilize vitu vigumu. Sikubaliani. Ukiziweka karibu unasikia swali lilelile likijibiwa upya. Mrusi Shostakovich 1944, rafiki yake Ivan Sollertinsky amefariki mapema mwaka huo, anaanza trio yake ya pili na chelo peke yake, lakini chelo haipigi chini ilikozoea, kidole kinaugusa uzi bila kuukandamiza na sauti inatoka juu kabisa, nyembamba, kama filimbi ya mbali. Fidla ikiingia inaingia chini ya chelo. Piano ndo inakuja mwisho, chini kabisa. Mwenye sauti nene yuko juu na mwenye sauti nyembamba yuko chini yake, na hata kama hujui habari ya rafiki unajua kuna kitu hakipo sawa. Kaija Saariaho wa Finland, kwenye trio yake ya 2014, alitaka mwanga, ule unaobadilika kwenye majani na vigogo vya miti nje ya dirisha lake New York, kwa hiyo humo usitafute wimbo wa kuondoka nao unaimba, sikiliza rangi za sauti. Wapo pia wanaomtaka mpiga piano asimame, aingize mkono ndani na kudonoa nyuzi kwa vidole, mtunzi Mmarekani Henry Cowell alishaanza hayo miaka ya 1920, na hapo piano kwa mara ya kwanza inakuwa chombo cha nyuzi kama wenzake.

Ukipata nafasi ya kwenda kaa mbele, na kabla hawajaanza angalia kifuniko cha piano. Kikiwa wazi zaidi sauti ya piano inatoka zaidi, kwa hiyo kuna wanaokiacha wazi kabisa na kuna wanaokiegesha kwa kile kijiti kifupi, na hilo walishabishana mchana, mmoja kapiga na mwingine kaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa kusikiliza kama chelo inafika.