Stella haondoki

Nikiitisha usaili wa *A Streetcar Named Desire*, tamthilia ya Tennessee Williams, hakosi mtu wa kuniambia tamthilia hajaisoma ila filamu ameiona, "si ni ile ile?" Kisha ananichezea Stella anayemkimbia mumewe Stanley. Jamani, si ile ile.

Halafu wapo wanaoamini kwamba filamu hulainisha tamthilia kwa kufuta matusi na mambo ya chumbani. Hayo madogo. Ndiyo, mkasi ulipita: jukwaani Blanche, dada yake Stella, anasimulia alivyomfumania mumewe Allan na mwanamume, kwenye filamu ya 1951 Allan amebaki kijana dhaifu mwenye mashairi, na kujiua kwake hakueleweki vizuri. Picha za karibu za Stella akishuka ngazi kumrudia Stanley zilikatwa na muziki wake ukapozwa kwa shinikizo la Wakatoliki wa Legion of Decency, zikarudishwa 1993. Tuendelee.

Kinachonikera mimi ni adhabu. Kanuni za maadili za Hollywood hazikutaka Stanley, aliyembaka Blanche, abaki salama, basi Stella anambeba mtoto, anaapa harudi tena, anakimbilia juu kwa jirani yao Eunice. Mtazamaji anatoka ametua mzigo. Tamthilia ya 1947 haimtui mtu! Stella anamwambia Eunice kwamba hawezi kuamini alichosimulia Blanche na bado akaishi na Stanley. Eunice anamjibu asiamini kamwe, maisha lazima yaendelee. Blanche anachukuliwa na daktari, Stella analia, Stanley anapiga magoti kando yake, vidole vinatafuta uwazi wa blauzi, na mezani karata zinaendelea. Aliyelipa ni Blanche peke yake, na dada mtu anajua. Ondoa hilo, unabaki na kisa cha mume mbaya tu.

Wala msiseme watu wa filamu hawakuielewa. Elia Kazan, mwongozaji wa filamu, ndiye aliyeiongoza pia tamthilia jukwaani Broadway, Brando (Stanley) na Kim Hunter (Stella) walitoka naye huko, na Tennessee Williams alishiriki kuandika mswada wa filamu. Walitoa mwisho ili wabakishe ubakaji. Walijua bei.

Ninapoyumba ni hapa: Stella alishawahi kukimbilia kwa Eunice usiku aliopigwa, na usiku ule ule akashuka. Filamu nayo inatuonyesha hivyo. Sasa kiapo chake cha mwisho kina uzito gani? Kuna siku naona Kazan aliwachezea wakaguzi shere. Kuna siku naona naitetea filamu tu kwa sababu Brando ni Brando.