Je, Wajua Athari ya Chuo Kikuu Mtandaoni Hupimwaje?

Kwa miaka mingi, kila Januari na Julai, vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki vimekuwa vikiingoja orodha ya kupanga vyuo vikuu duniani inayotoka Madrid, Uhispania. Orodha hiyo, Webometrics, ilianzishwa mwaka 2004 na maabara ya Cybermetrics iliyo chini ya CSIC, baraza la taifa la utafiti la Uhispania. Watu wengi huisoma kama cheo cha ubora wa ufundishaji, ilhali hakuna mkaguzi anayeingia darasani, na uzuri wa kurasa za tovuti hauongezi alama yoyote.

Kinachotazamwa zaidi ni kama watu wa nje wanazitumia kazi za chuo. Mwaka 1997, watafiti wa Denmark Tomas Almind na Peter Ingwersen walieleza kwamba mbinu za kuhesabu mara ambazo makala ya kitaaluma imenukuliwa zinaweza kutumika pia kwenye wavuti, kwa kuwa anayeweka kiungo cha ukurasa wa mwenzake naye huwa ameona humo jambo la kuwafaa wasomaji wake. Ndiyo maana viungo kutoka nje hubeba nusu ya alama zote.

Tuseme tasnifu kuhusu magonjwa ya mikorosho ya Mtwara imewekwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo chenye anwani inayoishia na ac.tz, yaani anwani ya vyuo vya Tanzania. Shirika la wakulima likiiwekea kiungo, chuo hupata alama. Likiweka viungo mia, alama haziongezeki mara mia, kwa sababu kinachohesabiwa ni mitandao tofauti inayokiwekea chuo viungo, si idadi ya viungo vyenyewe, jambo linalopunguza mianya ya udanganyifu. Nakala ya tasnifu hiyo hiyo ikibaki kabatini maktaba, au ikipakiwa kwenye tovuti binafsi ya mwandishi, chuo hakipati kitu, kwa kuwa kipimo hufuata anwani ya chuo. Kwa sababu hiyo, kubadilisha anwani bila kuielekeza ya zamani kwenye mpya ni hasara kubwa, na hushangaza kuona uamuzi mzito hivyo ukiachiwa fundi wa tovuti peke yake.

Asilimia 10 nyingine hutokana na manukuu yanayoonekana katika wasifu wa watafiti kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma, na asilimia 40 hutokana na makala zilizo miongoni mwa asilimia 10 zinazonukuliwa zaidi duniani katika fani zake. Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye upungufu unaotugusa. Takwimu zake hutoka katika Scopus, hifadhidata ya kimataifa ya makala za kitaaluma, ambayo majarida yake mengi mno ni ya Kiingereza, kwa hiyo mwanaisimu anayechapisha kwa Kiswahili huchangia kidogo sana hapo hata kama kazi yake inasomwa kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Kwake yeye, mlango ulio wazi ni ule wa viungo, mradi chuo chake kiiweke kazi hiyo mahali ambapo msomaji yeyote anaweza kuifungua bila nywila wala malipo.