Kwa nini mmea unaokula nzi hufa ukiuwekea mbolea?

Mmea wangu wa kwanza unaokula wadudu ulikufa kwa kushibishwa. Ulikuwa drosera ya Rasi, Drosera capensis kwa jina la kitaalamu, asili yake Afrika Kusini. Majani yake ni membamba na marefu, yamejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kimebeba tone la ulimbo kwenye ncha. Asubuhi utadhani ni umande. Saa sita mchana umande wa majani mengine umeshakauka, hayo matone bado yanameta.

Madirisha ya nyumba yetu yana wavu, nzi hawaingii. Nikaona mmea utakuwa na njaa. Nikachota urea nusu kizibo cha soda, nikaikoroga kwenye maji ya kisima, nikamwagilia. Siku ya nne matone yakaanza kupotea. Wiki ya tatu nilikuwa na kopo la udongo na majani meusi.

Kosa langu lilianzia kwenye neno "kula". Tukisikia mmea unakula nzi, tunauweka kundi moja na paka: asipopata nyama anakonda. Lakini chakula chenyewe, yaani sukari inayoupa mmea nguvu, drosera huitengeneza kwenye majani kwa mwanga wa jua, usanisinuru uleule wa mhindi na mgomba. Iweke juani bila mdudu hata mmoja, itaishi. Ifungie kabatini pamoja na nzi mia, itakufa. Kinachotoka kwa nzi ni nitrojeni na fosforasi, vitu ambavyo mkulima wa mahindi hununua dukani vikiwa kwenye mfuko. Mdudu aliyekaushwa ana nitrojeni takribani asilimia 10 ya uzito wake. Kwa drosera, nzi ni mbolea yenye mabawa.

Jambo hili lilipimwa zamani. Charles Darwin alichapisha kitabu kizima kuhusu mimea hii mwaka 1875, na miaka michache baadaye mwanawe Francis akalea drosera nyingi chini ya chandarua, nusu akizilisha vipande vidogo sana vya nyama choma (naam, nyama choma) na nusu akiziacha zifunge. Zilizofunga hazikufa. Zilizolishwa zilikua vizuri zaidi, na tofauti kubwa kuliko zote ilionekana kwenye mbegu. Huo ni mwenendo wa mmea uliopata mbolea. Mnyama aliyenyimwa chakula hasubiri mpaka msimu wa mbegu.

Ukishalijua hilo, urea yangu inaanza kuonekana ya busara. Kama nzi ni mbolea, mbolea imeua vipi?

Fikiria kachumbari. Ukikata vitunguu ukavinyunyizia chumvi, baada ya dakika kumi bakuli lina maji ambayo hukuyamimina. Yametoka ndani ya vitunguu. Maji hupita kwenye utando wa seli yakielekea upande wenye chumvi nyingi. Mzizi hunywa kwa kanuni hiyohiyo: ndani yake kuna chumvichumvi nyingi kuliko udongo wa nje, basi maji yanaingia. Ukiuchafua udongo mpaka nje kukazidi ndani, mzizi unageuka kitunguu. Ndiyo maana wakati wa kupanda mahindi tunafukia mbolea kwa udongo kidogo kabla ya kudondosha mbegu. Zikigusana, mbegu inaungua.

Kusema kweli, nusu kizibo kwenye kopo dogo kama lile kingeunguza hata mche wa mhindi. Kilichonifundisha zaidi ni drosera ya pili. Hiyo sikuiwekea chochote. Niliikalisha kwenye sahani yenye maji, kama inavyotakiwa, maana ni mmea wa kinamasi. Maji yalikuwa ya kisima. Ikafa pia, ila taratibu, kwa miezi kadhaa.

Hapa inabidi twende Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Mito inaingia, hakuna mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa njia moja tu, kupaa juu kwa joto, na magadi hayapai. Mto unaoingia unaweza kuwa na magadi kidogo tu, usiyatambue hata ukionja, lakini kila siku maji yanaondoka na mzigo wake unabaki. Kopo langu lilikuwa Natron ya dirishani. Kila asubuhi nilijaza sahani, kila jioni imepungua, na madini ya asubuhi yote yako humo, yakisubiri ya kesho. Sisi wa huku chini ya Mlima Meru tuna visima maarufu kwa madini. Ni maji haya yanayotia meno rangi ya kahawia kwa sababu ya floraidi. Mwisho udongo ulikuwa na ukoko mweupe kwenye kingo za kopo. Nilidhani ni ukungu. Nikaulamba: chumvi.

Nilijaribu kuyachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi haichemki ikaondoka. Maji ndiyo yanayoondoka, kwa hiyo unaishia na maji machache yenye madini yaleyale. Chujio la kawaida la jikoni nalo halisaidii. Kinachofaa ni maji ya mvua, au yaliyokenekwa, yale wanayouza kwa ajili ya kuongezea betri za magari. Soma chupa mara mbili, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri.

Mhindi huvumilia kisima hichohicho kwa sababu mizizi yake imezoea udongo wenye vitu. Drosera na ndugu zake wametoka kwenye vinamasi na mchanga ambavyo mvua imevisuuza mpaka havina kitu. Mizizi yao michache kazi yake kubwa ni kushika na kunywa. Kazi ya kutafuta mbolea imehamia majani. Nilikuwa nabisha hodi kwenye mlango usiotumika.

Ila mlango huo haujazibwa kabisa, na hapo inabidi niwe mwangalifu. Mizizi ya mimea hii huweza kufyonza nitrojeni. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Aaron Ellison na Nicholas Gotelli, walionyesha kwamba sarasenia, mmea wa huko wenye majani kama magudulia ya kunasia wadudu, ukiongezewa nitrojeni huanza kutoa majani bapa yasiyo na mtego. Yaani ukilishwa vya kutosha unaacha kuwinda! Halafu kuna pinguikula za Meksiko, nazo ni mimea inayonasa wadudu, zinazoota juu ya miamba ya chokaa na jasi bila wasiwasi. Hata kiwango ambacho wafugaji wengi wa mimea hii hukitaja, maji yasizidi miligramu 50 za madini kwa lita, kimetokana zaidi na makopo yaliyokufa kuliko maabara.

Drosera yangu ya tatu sasa ina watoto. Udongo wake ni pitimosi, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi, na mchanga mweupe uliooshwa, hauna samadi hata punje, na sahani inajazwa kutoka pipa la mvua. Mvua ya kwanza ya msimu siikingi, inaosha vumbi la bati. Nimeutoa nje ya wavu, barazani, unajitafutia. Wiki iliyopita ulinasa inzi wa matunda. Vinywele vya jirani vikaanza kumwinamia kimojakimoja, na kesho yake jani zima lilikuwa limejikunja juu yake kama chapati juu ya maharage.

Kuugawa ni rahisi kuliko kuulea. Unakata jani zima, unaliacha lielee juu ya maji ya mvua kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko, unaiweka penye mwanga lakini si jua kali. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vinatokeza juu ya jani lenyewe, kila kimoja na matone yake madogo. Mbegu nazo ni nyingi, laini kama vumbi, na zinaota hata kwenye makopo ambayo hukuyakusudia. Kwa sababu hiyo simpi mtu mwenye shamba linalopakana na kinamasi. Afrika Mashariki tuna drosera zetu za mwituni, hazihitaji mgeni.

Kila ninayempa mche nampa na chupa ya lita moja na nusu ya maji ya mvua. Jirani wa kwanza alirudi baada ya siku kumi, chupa tupu mkononi, akaniambia mmea unapendeza, ila amehurumia, aukorogee mbolea kidogo?