Usajili wa lazima katika magenge ya uhalifu: maana yake

Tukisikia neno "usajili", wengi wetu tunawaza laini za simu au dirisha la wachezaji wa Simba na Yanga. Mexico upo usajili wa aina nyingine, wenyewe wanauita kwa Kihispania reclutamiento forzado: genge kumchukua kijana na kumtumikisha katika uhalifu, atake asitake.

Hilo neno "lazima" linapotosha kidogo. Linaleta picha ya mtu aliyetupwa ndani ya gari akiwa amefungwa kitambaa machoni. Yapo hayo, lakini wengi huingia kwa kujibu tangazo la kazi kwenye Facebook au TikTok. Wanatafutwa walinzi, malipo mazuri kila wiki, kula na kulala bure, uzoefu hauhitajiki. Kijana anaelekezwa afike kituo cha mabasi cha Guadalajara, jimbo la Jalisco, atapokelewa. Akishapanda gari la mwenyeji wake, simu inachukuliwa, na lazima inaanzia hapo. Aliyefuatilia habari za Wakenya waliokwama Myanmar kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni ataitambua mbinu hii mara moja.

Wanakopelekwa palikuja kujulikana kupitia shamba la Izaguirre, Teuchitlán, si mbali na Guadalajara. Septemba 2024 askari walilivamia, wakakamata watu 10, wakaokoa mateka 2 na kukuta maiti 1. Ungedhani yameisha. Machi 2025 likaingia kundi la ndugu wanaotafuta jamaa zao waliopotea, Guerreros Buscadores de Jalisco, na majembe yao. Walikuta mamia ya viatu, nguo, mabegi ya mgongoni na vipande vya mifupa iliyoungua. Picha ziliposambaa, kuna familia zilizotambua nguo za watoto wao. Serikali ilisema palikuwa mahali pa mafunzo pa genge la Jalisco Nueva Generación.

Mdogo kabisa kazini huitwa halcón, yaani kipanga. Hukaa njia panda na kutoa taarifa kila gari la askari linapopita. Mtoto anaiweza kazi hiyo kwa sababu hakuna anayemshuku. Wakubwa kidogo hupewa mizigo ya kubeba, kisha bunduki. Na wanaisha haraka: watafiti walioandika katika jarida la Science mwaka 2023 walikadiria kwamba magenge ya Mexico yanahitaji kuingiza watu wapya wasiopungua 350 kila wiki ili kuziba nafasi za waliouawa na waliofungwa.

Kwa aliye chini ya miaka 18, sheria ya kimataifa haina utata. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, inasema ridhaa yake haihesabiki: akichukuliwa ili atumikishwe, amesafirishwa kiharamu, hata kama alikwenda kwa miguu yake na hakuna aliyemdanganya. Mwenye miaka 19 aliyejibu tangazo lilelile hana kinga hiyo. Akikamatwa na bunduki mkononi, itabidi aonyeshe kwamba alihadaiwa au alitishwa, na ujumbe wa kumwita kazini ulibaki kwenye simu aliyonyang'anywa siku ya kwanza.