Jiko la moshi baridi: moto ukae mbali, moshi uwe mwembamba

Anayebanika sangara kando ya Ziwa Victoria hufanya kazi mbili kwa moto mmoja: anaivisha na anatia moshi. Moshi baridi ni kazi nyingine kabisa. Chakula hakiivi. Kinakaa saa kadhaa kwenye hewa isiyozidi nyuzi 30 za Selsiasi, kikinywa moshi taratibu, na jibini hutoka bila kuyeyuka hata ukingoni. Kwa hiyo moto hauwezi kukaa chini ya chakula. Unakaa kando, ndani ya chombo chake, na kinachosafiri ni moshi peke yake.

Mimi ni mtu wa usindikaji wa vyakula, na ninachokiona kwa wengi wanaojaribu kuunda chombo hicho ni tamaa ya moshi mwingi. Wanataka wingu jeupe, zito. Wingu hilo ndilo linaloharibu chakula. Tunautaka moshi mwembamba, wenye rangi ya samawati kwa mbali, unaotoka bila kukatika usiku kucha.

Sababu iko ndani ya kuni zenyewe. Mti ukipata joto huku hewa ikiwa haba, hauwaki, unafukuta. Mti umejengwa hasa kwa vitu vitatu: hemiselulosi huanza kuvunjika kwenye nyuzi 200 hivi, selulosi hufuata, kisha lignini huvunjika kati ya nyuzi 310 na 500. Lignini ndiyo inayotoa fenoli, na fenoli kama gwayakoli ndizo zinazobeba ile harufu na ladha tunayoitafuta. Moto ukizidi hapo, huongezeka kemikali tusizozitaka, hasa benzopairini, inayosababisha saratani. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 hauruhusu izidi mikrogramu 2 kwa kilo moja ya nyama au samaki wa moshi. Chombo chetu basi kazi yake kubwa ni kuubana moto usichangamke.

Tafuta bomba la chuma cheusi lenye kipenyo cha milimita 60 hadi 70, urefu wa sentimita 30. Usichukue la gavanaizi, kwa sababu zinki haitakiwi karibu na kaa la moto. Makopo ya rangi pia yaache. Chini weka wavu wa waya mzito, na chini ya wavu toboa tundu la milimita 10 la kuwashia na kuingiza hewa. Juu weka kifuniko kinachobana vizuri. Karibu na juu, ubavuni, mwambie fundi achomelee bomba la kutolea moshi la milimita 20, la chuma kisichoshika kutu. Upande unaolielekea, apitishe kibomba chembamba cha milimita 6 kikatize ndani ya chombo hadi ncha yake iingie sentimita tatu au nne ndani ya lile bomba la kutolea. Kibomba hicho ndicho unachokiunganisha, kwa mrija, na pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki wa mapambo.

Hapa ndipo penye akili ya kifaa chote. Pampu haipulizi makaa. Hewa yake inatoka kwa kasi kwenye mdomo wa bomba la kutolea, msukumo wa hewa hapo unapungua, na moshi unavutwa kutoka kwenye chombo. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Mwitaliano Giovanni Battista Venturi, aliyeieleza mwaka 1797. Ukipuliza hewa moja kwa moja kwenye makaa, moto hushika, joto hupanda, na vipande vya kuni vilivyomo vinakwisha upesi. Ukivuta, kaa hupata kahewa kadogo tu kupitia tundu la chini na kupanda polepole. Weka kikoki kidogo kwenye mrija ili uupunguze upepo. Mara nyingi nusu ya nguvu ya pampu inatosha. Na pampu ikae juu kuliko chombo, umeme ukikatika moshi usirudi ndani yake.

Kuni zikatwe kwa ukubwa wa punje za mahindi na zikauke barabara. Mbichi hutoa mvuke mchungu. Vipande vikiwa vikubwa mno huning'inia na kuacha pengo, kaa likafa, hivyo gonga bomba kidogo kila baada ya muda. Mwembe, mpera, mparachichi na mchungwa ni miti mizuri. Msonobari una utomvu, mkaratusi una mafuta makali. Maranda ya kwa seremala siyatumii kabisa, kwa kuwa huwezi kujua kama ndani yake mna mbao zilizotiwa dawa au zenye gundi.

Asiye na fundi karibu atengeneze trei ya wavu wa chuma yenye njia inayozunguka, ajaze vumbi safi la mbao, awashe ncha moja. Litafukuta kama dawa ya mbu ya mviringo. Ni rahisi na halihitaji umeme, ila moshi wake huwezi kuupunguza wala kuuongeza.

Kutoka chomboni, moshi upite kwenye bomba la chuma la mita moja hivi lililoinama kidogo kuelekea kikopo cha kukingia. Humo unapoa, na maji pamoja na lami nyeusi vinabaki badala ya kudondokea jibini. Kasha la chakula linaweza kuwa la mbao, au hata boksi gumu, mradi liwe na tundu juu. Moshi usiotoka hudumaa na kuchachusha kila kitu.

Hali ya hewa inaamua mengi. Usiku wa Juni na Julai kule Njombe, Lushoto au Limuru ni baridi ya kutosha. Dar es Salaam na Mombasa utahitaji chupa za barafu ndani ya kasha, na hata hivyo ningekushauri ubaki na chumvi na pilipili kavu, ambazo joto haliziathiri.

Samaki mbichi usianze nao popote ulipo. Moshi baridi hauui vijidudu: bakteria wa Listeria hukua hata ndani ya friji, na minyoo ya samaki hufa kwa kugandishwa, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, si kwa moshi. Ukifika huko, chumvi ipimwe, ifike angalau asilimia 3.5 kwenye maji ya mnofu, na baridi isikatike. Kazi yote ifanyike nje ya nyumba, maana ufukutaji hutoa kaboni monoksaidi, nayo haina harufu.

Jibini ikishatoka, usiionje siku hiyohiyo ukaihukumu. Itakuwa kali, kama imelambwa na majivu. Ifunge kwa karatasi siku moja, kisha kwa plastiki, iache kwenye friji wiki mbili moshi uzame ndani. Wakati huohuo sugua kile kibomba cha milimita 6 kwa waya kabla lami haijaganda, kwani kikiziba nusu tu, chombo hakivuti tena.